Tanzia ya Sufuria

Baba watoto ndiye aliyeleta neno. Alirudi kutoka semina ya kazini na mkoba wa kitambaa, kalamu ya bure na azimio: kuanzia usiku huo, watoto wa nyumba hii watasomewa kitabu kabla ya kulala. Nikamwuliza nani atakayesoma. Akasema, "Tutasoma." Mwanamke aliyekaa kwenye ndoa muda kidogo anajua hapo ametajwa nani.

Watoto ni watatu. Wa kwanza ni binti, tunamwita Wakili kwa sababu hajawahi kutii amri kabla ya kuuliza imeandikwa wapi. Wa pili, Bonge, husikiliza hadithi yoyote mradi ndani yake mtu anakula. Kitinda mimba ni Kadogo, ambaye kumlaza ni shauri la saa nzima. Yupo pia dada anayetusaidia kazi, na juu yetu sote yupo mama mkwe wangu wa Pangani, aliyekuja Dar kutibiwa macho, akatibiwa, na hadi leo hajaona haraka ya kurudi ni ya nini.

Shangazi yao, mwalimu, aliposikia habari za azimio alituma bahasha nzima ya vitabu vya maadili. Kitabu cha kwanza kilikuwa cha mtoto asiyenawa mikono. Hakunawa, akaumwa tumbo, akapelekwa hospitali, akanawa. Bonge akauliza, "Alikula nini?" Kitabu hakikusema. Wakili akauliza kwa nini humo ndani kila mtu mzima ana haki na mtoto peke yake ndiye mkosaji. Kadogo alishalala. Baba watoto alifurahi, akaona azimio limefanya kazi. Mimi nilimwambia mtoto anayelala ukurasa wa pili hajasomewa, amechoshwa. Vya kunawa mikono vikarundikwa juu ya kabati, na hadi leo tunanawa mikono vizuri tu bila hivyo.

Jumamosi iliyofuata baba watoto akapita kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza mali pembeni mwa barabara kule Posta, akarudi na kitabu cha Kiingereza chenye jalada gumu na picha za kuvutia sana: dubu wa kahawia amevaa skafu, kikapu mkononi, nje theluji imefika dirishani. Kadogo Kiingereza hajui, kwa hiyo baba mtu akawa anatafsiri papo hapo, jicho moja kwenye maandishi na jingine kwa watoto. Usiku wa kwanza theluji ikawa "barafu inayonyesha kama mvua". Bonge akainuka kitandani.

"Ya ubuyu?"

"Hapana, ya maji tu."

Akalala tena, hamu imemwisha.

Usiku wa pili dubu alikwenda dukani. Wakili akasema, "Jana alikwenda kwa shangazi yake." Baba watoto akajibu kwamba jana alikwenda kwa shangazi na leo amekwenda dukani, hata dubu ana shughuli zake. "Lakini ukurasa ni uleule, baba," akasema Wakili, kidole juu ya picha. Nilipopita mlangoni usiku mwingine nikakuta dubu amehamia Kilimanjaro, jirani na kilele cha Kibo, kwa sababu ndiko pekee baba watoto alikokumbuka kuna theluji, na anabishana na wapagazi. Hadithi hiyo ilikuwa nzuri kuliko ya kitabuni, nasema kweli, ila kesho yake hakuna aliyeweza kuirudia, na Kadogo alitaka irudiwe neno kwa neno.

Tukajaribu simu. Upo mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, unaotoa hadithi za watoto bure mtandaoni kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, zenye picha na kurasa chache. Kwa mtu asiye na nauli ya kwenda dukani ni neema, na zipo humo hadithi zinazosomeka vizuri sana. Tatizo lilikuwa simu yangu. Fisi amefika mlangoni, mbuzi wamejibana nyuma ya mtungi, watoto wameshika pumzi, mara juu ya picha ya fisi inashuka meseji ya kikoba: fulani hajaleta hisa zake, na anajijua. Bonge akataka kujua kama fisi naye yumo kwenye kikoba.

Hapo nikashika nauli nikaenda mjini mwenyewe, duka la vitabu la TPH, Mtaa wa Samora. Nilichukua kitabu kimoja kimoja kutoka kwenye rafu na kukisoma kwa sauti, polepole, nimesimama palepale, hata kijana mmoja aliyekuwa akitafuta kamusi akanisogelea kusikiliza. Kitabu cha kusomewa mtu huwezi kukijua kwa jalada wala kwa kukipekua kimyakimya. Mdomo ndio unaokuambia. Sentensi inayokuishia pumzi dukani, mchana, huna uchovu, itakukaba usiku ukiwa umetoka kazini na umepika. Mazungumzo hubeba msomaji: sungura anasema, fisi anajibu, sauti mbili unazo, kazi imekwisha. Na lazima pawe na mahali ambapo msikilizaji anadakia. Vile vitabu vidogo vya Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza nchini mwaka 1991, vingi vinalijua hilo; vina maneno machache na yanayorudi, na nyumba za humo zina uwanja wa kufagia na kuku wanaozagaa, siyo mabomba ya moshi juu ya paa. Nilinunua kimoja cha kuku. Kadogo alikishika kwa moyo wiki hiyohiyo, akawa anakisoma kichwa chini miguu juu, anafunua kurasa mahali panapostahili ingawa herufi hazijui. Dada naye akawa anakiimba akiosha vyombo. Ikafika siku nikamwomba Mungu huyo kuku achinjwe.

Baba watoto alikuwa na chaguo lake tangu mwanzo, ila alikuwa anaona haya kulitaja: *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, nakala yake ya sekondari, gamba limeshikwa kwa selotepu. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1952, miaka kumi kabla ya mwandishi kufariki, na Kiswahili chake kimevaa kanzu na joho. Shangazi mtu akapiga simu kukikataa, akasema si cha umri wao. Baba watoto akaingia nacho ndani ya chandarua usiku huohuo, watoto watatu ubavuni, taa moja, feni inazunguka kwa manung'uniko, na kurasa zikipeperuka kila feni ilipogeuka.

Mfalme Rai anatuma mtumishi kwa Adili, liwali wa Janibu. Mtumishi analala ugenini, anashtuka usiku, anachungulia, anamwona liwali mwenyewe, mtu mwema anayesifiwa na nchi nzima, anawachapa viboko manyani wawili huku analia.

LUKU ikaisha hapohapo.

Sijawahi kuona watoto wanavyoweza kushughulikia umeme. Wakili alishika tochi ya simu, Bonge akasoma tarakimu 20 za tokeni moja moja kama mwana wa madrasa, baba yao akabonyeza, akakosea, akaanza upya, na hakuna aliyetaja kulala. Taa ilipowaka walirudi ndani ya chandarua mbio, na Kadogo akawa analia: manyani wamefanya nini? Wakili alitaka kujua wameshtakiwa wapi na hakimu nani. Maneno magumu waliyapita bila kuyagusa, maana swali lililokuwa mbele yao lilikuwa kubwa kuliko maneno. Kwa usiku kadhaa mfululizo baba watoto akawa ndiye anayewaita watoto kulala, kitu ambacho sikutarajia kukiona nikiwa hai.

Ila Shaaban Robert hapiti penye wema bila kusimama kuusifu, na baba watoto, akishachoka, aliruka sifa. Wakili alikuwa begani kwake. "Umeruka." Anarudi. "Umeruka tena, baba." Mwishowe wakawekeana mkataba: aya za mawaidha zisomwe haraka haraka, za bahari zisomwe polepole. Hata ilipojulikana kuwa manyani ni nduguze Adili, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa wivu, Kadogo hakusamehe viboko. Siku chache baadaye chumba kikaanza kunuka. Tukainua godoro: uvunguni mlikuwa na mkungu mdogo wa ndizi zilizoiva zikapitiliza, na safu ya sisimizi kutoka ukutani. Zilikuwa za manyani. Kumbuka huo uvungu.

Muda wote huo Bibi alikuwa anasikiliza kutoka sebuleni bila kutoa neno, na Bibi kutotoa neno ni habari. Siku miwani yake mipya ilipofika, aliita watoto, akaketi mkekani, akatoa kwenye mkoba kitabu cha hekaya za Abunuwasi, kimechakaa mpaka hakina mwanzo, kinaanzia katikati ya hadithi. Sikujua kama Bibi anasoma kwa sauti. Alijifunza kusoma akiwa mke wa mtu, kwenye madarasa ya jioni. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Bibi akawa mmoja wa waliobeba daftari baada ya kutoka shamba. "Tulisomeshwa kwa vitabu vya kilimo bora," akawaambia wajukuu. "Kuanzia mwanzo hadi mwisho hakuna hata mtu mmoja anayedanganywa. Nikasema nikijua kusoma nitatafuta kitabu chenye mwongo."

Anasoma kidole chini ya mstari na kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Kila ukurasa husimama na kusema, "Paukwa!" na asipojibiwa "Pakawa!" haendelei. Baba watoto akajaribu kuchangia, akaeleza kwamba Abu Nuwas alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad, zama za Harun Rashid, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, na kwamba mashairi yake mengi ni ya mvinyo. Bibi akavua miwani. "Huyo ni wa kwenu. Abunuwasi wangu hanywi." Mjadala ukafungwa.

Watoto wakacheka mpaka Bonge akakohoa. Hiyo hekaya ya mtu aliyedaiwa pesa kwa kunusa harufu ya nyama, na Abunuwasi akalipa deni lake kwa mlio wa sarafu, ilituletea fujo ndogo: kesho yake Wakili alikwenda kwa muuza chipsi, akasimama ananusa, akatikisa sarafu mbili mfukoni na kuondoka, akijisemea kwamba wameshamalizana. Hiyo tuliicheka. Iliyofuata ndiyo iliyotutoa jasho.

Kuna hekaya ya sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kijisufuria ndani, anasema imezaa, jirani anapokea kwa furaha. Anaazima tena, harudishi, akiulizwa anasema imefariki. Aliyekubali kuwa imezaa atakataaje kuwa imekufa? Bibi aliisoma Alhamisi. Ijumaa nilikuwa nimeazima sufuria kubwa ya jirani yetu wa Pemba, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Halua kwa sababu hakuna safari anayokwenda Wete akarudi bila kutugawia. Nilipomaliza kuitumia nikawaambia watoto waipeleke.

Walivyosimulia baadaye, mambo yalikuwa hivi. Mama Halua alifunua, akakuta ndani sufuria yangu ndogo ya uji.

"Hii je?"

"Shikamoo," akasema Wakili. "Sufuria yako imezaa."

"Marahaba." Akaitazama, akawatazama. Hakucheka. "Alhamdulillahi. Mtoto gani?"

"Wa kike," akasema Bonge. "Ana masikio."

"Na yu mzima?"

"Mzima."

Akaipokea, akaifuta kwa upande wa kanga, akaiweka juu ya kabati. Mimi huku nikaitafuta sufuria ya uji hadi kwenye tangi la maji. Dada akaapa hajaiona. Watoto walikuwa wanakula mkate kwa adabu isiyo ya kawaida.

Wiki iliyofuata walikwenda tena, safari hii kwa jina langu: mama anaomba sufuria kubwa. Wakapewa. Ikaingia uvunguni, mahali palipokuwa na ndizi. Mama Halua alipoitaka, walikuja wajumbe watatu mlangoni kwake, nyuso zimenyooka.

"Imefariki," akasema Wakili.

"Inna lillahi. Lini?"

"Jana usiku."

"Iliumwa nini?"

Wakili hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Bonge akamsaidia: "Tumbo."

Mama Halua akaitikia kwa kichwa, akafunga mlango taratibu. Watoto wakarudi wakipeana mikono.

Jumapili baada ya alasiri nilikuwa napiga pasi sare za shule niliposikia kilio barazani. Kilio halisi, cha watu wanaojua kulia. Nilitoka na pasi mkononi. Mama Halua alikuwa amejitanda kanga hadi machoni, na nyuma yake wanawake sita wa mtaa, wawili wamebeba mikeka, mmoja ana thermosi ya kahawa. "Pole sana, Mama Wakili," akasema huku ananikumbatia. "Msiba umetufika." Miguu ikaniishia nguvu. Baba watoto akatoka na singlendi, simu sikioni, anampigia kaka yake Tanga kuuliza nani, nani. Kaka yake huko akaanza kulia bila kujua anamlilia nani.

"Nani aliyekufa?" nikauliza.

"Sufuria."

Pasi ilikuwa bado ya moto, na huo ndio wokovu wao wote, maana nililazimika kwanza kutafuta pa kuiweka. Nyuma yangu Bibi alishauliza, akajibiwa, akaingia chumbani na kurudi amejitanda kanga yake. Akaketi mkekani na wafiwa. "Mazishi saa ngapi?" akauliza. Ndipo nilipojua nyumba hii ilikuwa na upande mmoja tu, na mimi sikuwa ndani yake.

Kwa taratibu zetu msiba uko mahali mauti yalipotokea. Sufuria ilifia kwetu, kwa hiyo matanga ni kwetu, na watu wa matanga hawarudi makwao na njaa. Mama Halua alilieleza hilo kwa upole, akifuta machozi ambayo kufikia hapo yalikuwa ya kicheko. Dada akasema mchele upo. Nyama ikafuatwa buchani. Ikabaki sufuria: kwa watu wale wote, zangu hazitoshi hata moja, na inayotosha ndiyo marehemu.

Sote tukamgeukia Wakili. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti, na unaweza kuona hesabu zikipita usoni: akiitoa, kesi imekufa, asipoitoa, watu wanalala na njaa na mama ana pasi.

"Mama Halua," akasema, "sufuria inaweza kufufuka?"

"Mimi sijaona. Lakini kama kwenu hufufuka, ilete tuione."

Bonge na Kadogo wakaingia uvunguni. Ilitoka ikiburuzwa, mkwaruzo wake ukasikika hadi barabarani, ndani mna kiatu kimoja cha skuli kilichotafutwa mwezi mzima na ganda la ndizi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Halua aliisugua mwenyewe kwa majivu, akaunga pilau mwenyewe, kwa sababu binzari yangu haiamini, na baba watoto akatumwa kumpigia kaka yake kumwambia anyamaze.

Baada ya kula hakuna aliyeondoka. Taa ya baraza ikawashwa, Bibi akaombwa kitabu. Akasoma hekaya ileile ya sufuria, watu wazima wakidakia "Pakawa!" kwa sauti kuliko watoto, na alipofika pale jirani anapoambiwa imekufa, mkeka mzima ulimtazama Wakili. Muuza chipsi naye alikuwa amesimama ukutani anasikiliza. Alipoondoka alisema anadai mlio wa pesa uongezwe.

Kwenye saa nne Mama Halua akajitwika sufuria yake. Nikamkumbusha ile ndogo ya uji.

"Mtoto bado ananyonya," akasema. "Nitamtenganishaje na mama yake?"

"Hilo kitabuni halimo," akadakia Wakili.

"Kwenye chenu halimo, mwanangu. Chenu hakina hata mwanzo. Kipo changu, cha Pemba, kizima."

Kesho yake jioni, kabla hata ya kuvua sare, watatu hao walikwenda kukiazima. Wakarudi mikono mitupu. Wameambiwa kitabu kipo, ila kina mimba, kisisumbuliwe.